Umepima?

Mama aliuona mkanda kabla hajaniona mimi.

Nilikuwa nimeinama nashusha begi kwenye bajaji pale nyumbani Bukoba, shati limepanda juu, nanyanyuka nakuta macho yake yapo kiunoni kwangu, sio usoni, kiunoni, kwenye ule mkanda wa kahawia ambao mwezi wa tisa niliutoboa tundu jipya kwa msumari wa moto, mwezi wa kumi na moja nikatoboa la pili, kwahiyo ncha yake ilikuwa inaning'inia ubavuni hadi karibu na mgongo.

Hakusema kitu. Tukasalimiana, nikala ndizi, nikala senene mpaka mdogo wangu akauliza hivi huko Dar huwa mnakula kweli, majirani wakaja wakaondoka. Jioni mama akaniita nyuma kwenye migomba, eti nikamsaidie kukata mkungu. Mkungu wenyewe ulikuwa haujakomaa.

Nyumbani tunaongea Kihaya. Kiswahili cha mama ni cha kanisani, cha kwa mtendaji na cha mambo mazito, kwahiyo mkiwa wawili tu halafu akahamia Kiswahili, jua kuna jambo.

"Baba, umepima?"

Nikajibu kwa furaha kabisa, nikajua habari zangu zimeshamfikia. "Nimepima mama, nipo kilo 84. Nilikuwa 94!"

Akatikisa kichwa taratibu, panga bado lipo mkononi.

"Sio mzani, baba."

Hii ni wiki ya sita tangu nirudi Dar na hayo maneno bado yananizunguka kichwani, nikiwa kwenye mwendokasi, nikiwa naoga, nikiwa kazini nahangaika na risiti za watu. Nimeyaandika mara mbili nikafuta. Leo nayaacha hivyo hivyo yatakavyotoka, yakiwa marefu mtanisamehe.

## Mashine inayopayuka

Mnazijua zile mashine za kupima uzito za barabarani, zenye spika. Unapanda, inakupima uzito na urefu, inakutolea karatasi. Mwezi wa tano mwaka jana nipo Kariakoo nasubiri mtu aniletee mzigo, jua linachoma, kijana wa mashine ananiita "bosi, mia tano tu ujue afya yako", nikapanda ili muda uende. Afya wala haikuwa kichwani kabisa.

Na hapo ndio nikagundua kwamba sikumbuki mara ya mwisho kupimwa. Fikiria, mtoto wa Kitanzania anapelekwa kliniki kila mwezi, anavalishwa ile kaptula ya kitambaa, ananing'inizwa kwenye mzani anapiga kelele, nesi anaweka kidoti kwenye kadi na mama anachungulia kama kidoti kimeangukia kwenye kijani, kikiwa kwenye kijani basi anarudi nyumbani kwa maringo. Akifika miaka mitano, imeisha hiyo. Mwanamke atapanda tena mzani akiwa mjamzito. Sisi wanaume, hasa wa kwetu Kagera, mzani wa pili ni wa chama cha ushirika, na pale inapimwa kahawa, sio wewe.

Mashine ikapayuka kwa sauti ya kike, kavu. Uzito wako ni kilo tisini na nne. Urefu wako ni sentimita mia moja sabini na moja. Wauza soksi wote wakageuka.

Karatasi ikatoka. BMI 32.1, yaani namba ya uzito wako ukilinganishwa na urefu wako, na chini yake neno moja kwa herufi kubwa: KIRIBATUMBO.

Sikuwahi kulisikia. Nikadhani yule kijana kanitukana kwa kupitia mashine.

Hesabu yenyewe kumbe ni rahisi, hata kwa simu unapiga. Unachukua kilo zako unagawanya kwa urefu wako wa mita, jibu unaligawanya tena kwa urefu ule ule. 94 kwa 1.71 unapata kama 55, gawanya tena kwa 1.71 ndio hiyo 32.1. Chini ya 18.5 umepungukiwa, kuanzia 18.5 mpaka kabla ya 25 uko sawa, kuanzia 25 mpaka kabla ya 30 umezidi, 30 kupanda juu ndio lile neno, yaani unene uliopitiliza. Nikapiga kwa kurudi nyuma, nikakuta ili mimi niwe "sawa" sitakiwi kuvuka kilo 73. Sabini na tatu! Mara ya mwisho kuwa na mwili huo nilikuwa chuo mwaka wa pili, nakula mara moja kwa siku, na haikuwa kwa kupenda.

Nikakunja karatasi nikaitia kwenye waleti. Kijana akaniona nimepoa, akanifariji. "Bosi usiwaze, huo mwili wa pesa."

## Kesi dhidi ya Mbelgiji

Nilichofanya usiku ule ni kile ambacho mtu yeyote aliyepewa majibu asiyoyataka anakifanya. Nikaanza kuitafutia mashine makosa.

Na nikayapata, tena mengi. Kwanza aliyeanzisha hii hesabu hakuwa hata daktari. Ni Mbelgiji anaitwa Adolphe Quetelet, mtu wa nyota na takwimu, miaka ya 1830 huko, alikuwa anatafuta "mtu wa wastani" anafananaje, akaona kwamba kwa watu wazima uzito unaenda sambamba na urefu ukiuzidisha wenyewe kwa wenyewe. Basi. Hakuwa na habari na kitambi cha mtu. Ikakaa zaidi ya miaka mia, mwaka 1972 Mmarekani Ancel Keys na wenzake wakachukua vipimo vya wanaume zaidi ya 7,000 wa nchi tano, wakalinganisha fomula mbalimbali, hii ikaonekana ina nafuu na ni rahisi, ndio wao wakaipa hilo jina la BMI. Wanaume watupu, mwanamke hata mmoja hakuwemo.

Kuna kingine kilinichekesha. Kule Marekani kabla ya 1998 mwanaume alikuwa anahesabiwa kazidi akifika 27.8. Mwaka huo wakashusha mstari mpaka 25. Yaani mamilioni ya watu walilala wako sawa, wakaamka wamezidi, na hakuna aliyekula hata mkate usiku ule. Halafu 2004 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, wakaona Waasia wengi wanapata kisukari wakiwa na namba ndogo tu, wakasema kwao tahadhari ianze 23. Kwahiyo mstari wenyewe unatembea! Na kwa sisi Waafrika hakuna mstari wa peke yetu, tumepewa huo huo wa jumla.

Alafu haijui nyama na mafuta. Pale Kariakoo kuna jamaa anabeba magunia, mfupi kama mimi, tuseme ana kilo 88, mashine itampa 30 na kitu, itampigia KIRIBATUMBO kama mimi, wakati tumbo lake limekazana kama ngozi ya ngoma.

Hata chama kikuu cha madaktari Marekani mwaka 2023 kimewaambia wanachama wake wasiitegemee peke yake. Nikajiona nimeshinda kesi. Nikamsomea mke wangu ushahidi wote, yeye anakunja nguo, ananisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa. Mbelgiji kakosea. Sasa wewe unakoroma kwa nini?"

## Tepu ya fundi cherehani

Ni yeye aliyenipeleka hospitali, nisijifanye shujaa.

Daktari alikuwa mama mtu mzima, mpole, ana miwani ya kamba. Pressure ikaja 148 kwa 94, imepanda. Sukari, nikiwa sijala tangu usiku, 6.4, ambayo akaniambia kisukari bado ila nimeshaanza kukisogelea, maana 7 kupanda ndio kisukari chenyewe. Nikamwambia kuhusu Mbelgiji. Nilimwambia yote, mpaka ya 1998.

Hakubisha hata kidogo, na hicho ndio kiliniumiza.

"Ni kweli kaka yangu. Ile namba ni mlinzi wa getini. Anakusimamisha tu, anakuuliza unakwenda wapi. Kupekua ni kazi nyingine." Akavuta droo akatoa tepu, tepu ya kawaida ya fundi cherehani, ya njano, akaizungusha juu kidogo ya mfupa wa nyonga, nikabana tumbo, akasema pumua nasubiri. Nikapumua. 106.

"Nusu ya urefu wako ni ngapi?"

85 na nusu.

"Kiuno kisizidi nusu ya urefu, hiyo haijali misuli wala kabila. Na mwanaume akivuka sentimita 94 tunaanza kuwa na wasiwasi, akivuka 102 wasiwasi unakuwa mkubwa. Mwanamke ni 80 na 88. Haya, mlaumu na fundi cherehani."

Akanielezea kitu ambacho kwa kweli nilikuwa sikijui, kwamba mafuta sio mafuta tu. Yale ya mapajani na makalioni mengi yamekaa kimya. Yenye fujo ni yale ya ndani ya tumbo, yanayozunguka utumbo na kukaa kwenye ini, hayo yanavujisha mafuta kwenye damu muda wote, insulini, ile inayoshusha sukari kwenye damu, inafanya kazi kwa shida, kongosho linalazimika kutoa nyingi zaidi, na linaweza kuchoka. Ndio maana unaweza kumkuta mtu mwembamba ana kisukari, na bibi mmoja mnene wa mapaja ana sukari safi kabisa.

Nikamuuliza kwahiyo nikifika 73 ndio nitakuwa nimepona.

"Nani kakwambia 73? Mimi sitaki 73. Nitafutie kilo tisa." Akafafanua kwamba mtu akipunguza asilimia tano tu ya uzito aliokuja nao, pressure na sukari mara nyingi vinaanza kuteremka, akifika kumi ni neema. "Asilimia kumi halafu njoo tuongee."

Asilimia kumi. Kumbukeni hiyo.

## Zilivyoondoka

Hapa sikai sana maana sina la ajabu.

Nilianza vibaya. Ndimu na maji moto, kutokula usiku, na kuna chai fulani ya kukata tumbo niliuziwa kwa elfu thelathini, kilichokatika ni usingizi maana nilishinda chooni. Wiki tatu nikashuka kilo nne, wiki mbili zilizofuata nikarudisha nne na salio juu.

Kilichokuja kufanya kazi ni vitu vya aibu kwa udogo. Niliandika kwa siku saba kila kinachoingia mdomoni. Asubuhi supu na chapati mbili, saa nne chai na maandazi, mchana wali nyama na soda, jioni nikishuka kituoni chipsi mayai "kidogo" kabla ya kwenda nyumbani kula chakula cha usiku. Soda moja ya kola ya mililita 350 ina sukari kama vijiko tisa vya chai, mimi kwenye kikombe nikiona mtu anatia vinne namshangaa. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kula kinakaribia kalori 120, sasa ile chipsi inavyoogelea hesabu mwenyewe.

Nikaanza kushuka kituo cha Fire natembea mpaka Posta, kama dakika 25 hivi. Nilidhani hiyo ndio itanikomboa. Nikaja kujua kwamba dakika 25 zote hizo kwa mwendo wangu ni kama kalori 100 na kidogo, andazi moja linazimaliza zote. Miguu haishindani na mdomo. Ila nikiri, kutembea kulinisaidia kwa njia nyingine, usingizi ulikuja vizuri, pressure ilishuka, na nikiwa nimetembea nakuwa naona uchungu kuiharibu ile jasho kwa soda.

Soda ikaondoka kabisa. Ugali ukawa nusu ya ule wa zamani, mboga na maharage yakaongezeka. Mafuta mke wangu akaanza kuyapima kwa kijiko badala ya kumimina. Chipsi ikabaki Jumamosi. Kuanzia mwezi wa sita mwishoni mpaka Desemba: kilo 84. Kiuno 97. Pressure 131 kwa 85, sukari 5.7.

Na kwa hesabu ya Mbelgiji bado nina 28.7. Bado "nimezidi". Naomba na hiyo muikumbuke.

## "Ana afya"

Njaa niliizoea kwenye wiki ya tatu, ya nne. Kitu ambacho sikukizoea ni watu.

Makonda wa daladala waliacha kuniita bosi. Nasema kweli, nilikuwa bosi kwa miaka kumi, nikawa "oya braza". Kazini mmoja akaniuliza kwa upole kama nina mkopo umenikalia vibaya. Mwingine akanitumia namba ya mchungaji. Mke wangu ndio aliumia zaidi, kule mtaani walimuuliza "shemeji anaendeleaje?" kwa ile sauti, mnaijua ile sauti, na kuna mama mmoja alimwambia kabisa ampikie mumewe vizuri, watu wanaongea.

Nikaanza kusikiliza Kiswahili chetu kwa sikio jipya. Tunasema fulani "ana afya" tukimaanisha ni mnene. Sio utani, ndio maana ya neno mtaani, "yule dada ana afya yake". Umenawiri, umependeza, umetakata, maisha yamekukubali, yote hayo anaambiwa aliyeongezeka. Na aliyepungua? Amekonda, amekwisha, amechakaa, amekauka, kapukutika. Nimetafuta neno moja la sifa kwa mtu aliyepungua nimekosa. "Amepungua" ndio angalau halina tusi, na hilo hata gunia la mahindi lililoliwa na panya nalo limepungua.

Sasa daktari ananiambia nipungue, na lugha yangu yote inaniambia ninakufa.

Takwimu za nchi zinaonyesha tunaelekea wapi. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2004-05 ulikuta asilimia 18 ya wanawake wa miaka 15 mpaka 49 wana uzito uliozidi au kiribatumbo. Mwaka 2010 ikawa 22. 2015-16 ikawa 28. Sisemi lugha ndio imefanya, chipsi zipo kila kona na bodaboda inakufuata mlangoni. Ila mtu anaponenepa halafu mtaa mzima unampongeza, nani atamwambia apime kiuno?

Haya yote nilikuwa nayaona kama ushamba. Nilikuwa hata naandaa makala ya kuwasema, ya kejeli kidogo.

Ndio nikaenda nyumbani.

## Matundu manne

"Sio mzani, baba."

Nilipoelewa nilitaka kucheka, halafu nikaona mkono wake ulioshika panga.

"Baba yako mdogo," akasema, "ule mkanda wake nilimtobolea mimi. Kwa msumari, pale jikoni. Matundu manne."

Nilikuwa na miaka saba. Nakumbuka baba mdogo alirudi kutoka Mwanza alikokuwa dereva wa lori, nakumbuka alinipa biskuti, nakumbuka mlango wa kile chumba ukawa unafungwa. Mkanda siukumbuki. Mama anaukumbuka tundu kwa tundu, maana yeye ndiye alikuwa anamuogesha.

Watu wa umri wangu tuliotoka Kagera hatuhitaji kuelezwa, ila vijana labda. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walitoka kwetu, mwaka 1983. Wazee waliuita Juliana, jina la mashati yaliyokuwa yanaletwa na wafanyabiashara wa mpakani, na upande wa Uganda wakauita Slim. Yaani ugonjwa wenyewe jina lake lilikuwa ni kukonda. Kufika 1986 kila mkoa wa Bara ulikuwa na mgonjwa. Dawa za bure zilianza kutoka 2004. Katikati hapo kuna miaka ishirini ambayo mtu akirudi kijijini nguo zinampwaya, watu walikuwa hawaulizi, walikuwa wanaanza kuhesabu.

Nikiwa nimerudi Dar nikakutana na kitu, na hiki ndio kilinikosesha usingizi. Mwaka 1985 wataalamu walikutana Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, wakaweka namna ya kumtambua mgonjwa wa UKIMWI kwa macho, maana hospitali nyingi za Afrika hazikuwa na vipimo vya damu. Dalili kubwa zilikuwa tatu. Homa ya zaidi ya mwezi. Kuharisha zaidi ya mwezi. Na ya tatu, kupungua uzito kwa asilimia kumi.

Asilimia kumi.

Ile ile aliyoniambia daktari wangu ni neema. Kilo tisa na kitu kwa mwili wangu wa zamani, na mimi nilipunguza kumi. Kumbe mama hakuwa mshamba. Mama alikuwa ananisoma kwa kitabu cha mwaka 1985, kitabu ambacho hakuwahi kukiona lakini alikisomea kwa mikono yake kwenye chumba kile, na kwa kitabu hicho swali lake lilikuwa halali kabisa.

Mimi nina karatasi ya Kariakoo inayosema bado nimezidi. Yeye anamuona shemeji yake anashuka kwenye bajaji.

Hapo ndio ile makala yangu ya kejeli ilipokufa. Na nikaelewa pia kwa nini kwa lugha yetu ukimuuliza mtu mzima "umepima?" peke yake, bila kutaja kitu, hakuna anayewaza uzito. Neno lenyewe lilishachukuliwa. Kupima ni kule kupima.

Sijui ningemjibu nini kingine pale kwenye migomba. Nikamwambia mama, kesho twende wote.

## Foleni ya kituo cha afya

Tulienda asubuhi, yeye kavaa kitenge cha kanisani kabisa. Mimi niliingia kwenye chumba cha ushauri nasaha nikatolewa damu kidoleni, mama yuko kwenye benchi nje na rozari. Dakika kama ishirini hivi. Nikatoka na majibu, sina, nikamuonyesha, akaangalia ile karatasi muda mrefu kuliko ilivyo na maandishi, akaikunja akaiweka yeye kwenye pochi yake. Sikuipata tena mpaka leo.

Na niseme hapa, pale benchini kulikuwa na watu waliokuja kuchukua dawa zao za kila mwezi, wengi wana afya, kwa maana zote mbili za neno, kuna mzee alikuwa na kitambi kilichonizidi kile cha Kariakoo. Kitabu cha macho kilishapitwa na wakati. Ni mioyo tu ndio haijapata taarifa.

Kwa kuwa tulikuwa tumeshafika nikamwambia nesi, dada naomba umpime na mama.

"Mimi? Mimi nina nini?"

Akapanda mzani kashikilia ukuta. Kilo 55. Urefu 158. Nikapiga kwenye simu, 22. Ishirini na mbili, katikati kabisa, namba ambayo mimi nitaiota tu. Kiuno chake 76, chini ya nusu ya urefu. Mlinzi wa getini alimpigia saluti mama yangu akampitisha.

Nesi akafunga ile kitambaa mkononi, akapampu. Akaangalia. Akafungua, akamwambia mama apumzike dakika tano, asiongee. Akapima mkono wa pili.

168 kwa 96.

Hajawahi kupimwa pressure maisha yake yote, kasoro wakati anajifungua. Haumwi, analima, anapanda mlima na ndoo. Kichwa kinamuuma "kidogo, cha kawaida". Walimwambia arudi mara mbili zaidi wahakikishe, akarudi, bado juu, wakamwanzishia dawa. Safari yote ile nilikuwa mimi ndio mgonjwa, kumbe.

Njiani tunarudi hakuongea mpaka tumefika karibu na kibanja chetu. Akaniambia kwa Kihaya, ile sauti yake ya kawaida sasa, kwamba nikanunue mkanda mwingine.

Nimenunua. Ule wa matundu upo kwenye droo, kila nikisema nautupa nauacha.

Nilimwachia mashine ndogo ya kupima pressure, mjukuu wa jirani amefundishwa kuifunga. Kila Jumapili baada ya misa napiga simu, na siku hizi mimi ndio naanza.

"Mama, umepima?"

"Nimepima. 138 kwa 84. Na wewe?"

Jumapili iliyopita nikamwambia ukweli, mimi mzani umepanda kidogo, zile ndizi na senene, nipo 85. Kilo moja imerudi.

Akanyamaza kama anavuta pumzi.

"Asante Yesu," akasema.